Ng'ambo ya Kijito

Moshi mjini, Bibi Afya Aikaruwa
alinitoza elfu hamsini kwa ganda la ndizi.
Ganda moja, la kisukari, dogo kama kidole.
Risiti ninayo, nimeikunja kwenye pochi
ubavuni mwa picha ya marehemu mama.

Jioni nikavuka daraja kwenda kwa shemeji Kiwelu.
Hatua thelathini, nimezihesabu:
wilaya nyingine, sheria ndogo nyingine.
Kule machinjio ya kuku yanatapika
damu na manyoya, moja kwa moja kijitoni.
"Kibali tunacho," akasema, akinimiminia mbege.
Na kweli. Muhuri upo, wino umekauka vizuri.

Nchi moja, bendera moja,
ila maji hayakualikwa kwenye kikao cha mipaka.
Yanajipinda migombani,
yanapita chini ya daraja
bila kuulizwa kitambulisho.

Leo alfajiri nimemwona Aikaruwa,
kanga kiunoni, ndoo mkononi,
akichota kijitoni kumwagilia mchicha wake.
Unyoya mweupe ukamnata kidoleni.

Akautazama.
Akageuka huku na huku,
akitafuta wa kumwandikia risiti.