Yupo

Saa mbili kasorobo naifungua rejista,
jalada lake limeshikwa na gundi ya mwaka juzi
na jasho la kiganja changu.
Majina sabini na mawili, madawati ishirini na moja:
hesabu hii naifundisha kila siku kwa kuwasogeza.

Mbeyu Kalama. Yupo.
Shee Athman. Yupo, na hamri kinywani.
Mwanamkuu Bwanaheri. Yupo,
mguu huu kiatu, ule kandambili, kwa ajili ya kidonda.
Chengo Dzombo.
Yupo!
Sauti ni ya Famau, ameibana puani
ifanane na ya mwenzake.
Darasa zima lainamia madaftari kwa adabu ya ghafla.

Naijua sauti ya Famau.
Nimeisikia ikisoma, ikilia,
ikiukana mpira uliovunja kioo cha ofisi.
Natia alama. Jumatatu natia, Jumanne natia.
Kufikia Alhamisi kalamu imeshazoea uongo.

Adhuhuri bati linatutokosa.
Chaki inakatika, nagawa vipande viwili,
kimoja nafungia kwenye leso hadi kesho.
Saa ya chai Mwalimu Mulewa anatuuzia vikoi kwa mkopo,
tunaandika majina yetu, tunajicheka:
mshahara wenyewe ni mgeni asiyevua viatu,
husalimia mlangoni, akaenda zake benki.

Jumamosi nilikwenda Kongowea na kikapu.
Nyuma ya fungu la tungule, juu ya kreti lililopinduliwa,
Chengo.
Hakunitazama. Alitazama mizani.
"Robo tatu, mwalimu? Kilo themanini,
robo tatu sitini. Umenipa mia. Arobaini yako hii."
Akaongeza tungule moja, ya ustahi.

Huyu ndiye niliyemuuliza, muhula uliopita,
robo ya thelathini na mbili ni ngapi,
akatazama dirisha hadi kengele ikamwokoa.
Kwenye ripoti yake nikaandika, kwa wino mwekundu,
na kwa mwandiko mzuri kabisa:
*Aongeze bidii.*

"Mamako?"
"Amelazwa. Mwezi wa pili sasa."
Mteja akadai vitunguu, akapimiwa.
Kisha kwa sauti ya chini, kama anayeulizia nauli:
"Bado mko kwenye sehemu?"
"Tumeingia desimali."
"Desimali," akasema,
kama jina la mji ambao binamu yake amewahi kufika.

Niliondoka na tungule, na swali,
na sikujua nimwambie nani.
Mwalimu mkuu atataka fomu. Fomu itataka sahihi ya mzazi.
Mzazi yuko wodini, ananyoosha mkono kwa ajili ya sindano.
Usiku nikiwa nasahihisha nikaona
daftari la Famau limeandikwa mara mbili:
mara moja ovyo, upesi upesi,
mara ya pili kwa herufi kubwa safi, kurasa za nyuma,
za kuchanika bila kuumiza uzi.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo.
Wahenga hawakuwahi kushika rejista.

Jumatatu. Saa mbili kasorobo.
Mbeyu. Shee. Mwanamkuu, leo viatu viwili.
Chengo Dzombo.
Yupo!
Kalamu inasimama, wino unaacha nukta,
si alama ya ndiyo, si ya la.
"Famau," nasema, bila kuinua macho,
"usibane pua hivyo, utaumwa na kichwa."
Na naita jina linalofuata.