Daftari la Chipsi

Ukitaka kujua msimu ulivyokwenda
usiende kuuliza ofisi ya michezo,
mlango wake una kufuli na tangazo la mwaka juzi.
Njoo hapa getini, Moshi hii hii, upande wa Soweto,
uvute benchi, uangalie mguu mmoja mfupi,
nami nitakufungulia daftari.

Tarehe nne Mei: Tarimo, chipsi mayai mbili, hajalipa.
Siku hiyo soka walitoka sare na wale wa Arusha.
Sare huliwa kwa mkopo.
Tarehe kumi na moja: Tarimo, kavu, bila yai, kalipa taslimu.
Tatu bila. Tena nyumbani.
Aliyefungwa hulipa haraka
aondoke kabla wenzake hawajafika;
aliyeshinda hukaa, huagiza, husema "andika, Mama Manka,"
kana kwamba kombe limeshawekwa benki.

Wanaanza na soka. Siku zote wanaanza na soka.
Tarimo, mwaka wa tatu, uhasibu,
sauti imemkauka tangu Jumamosi,
anapanga kikosi kwa vijiti vya meno juu ya meza yangu:
huyu beki, huyu beki,
huyu winga anayekimbia kama kaibiwa,
na chupa ya tomato ndiyo kipa.
"Afadhali hiyo, inahama kuliko wetu," anasema Elisaria,
asiyemwamini kipa yeyote aliyezaliwa na mwanamke.

Hapo ndipo Ndeshi hukunja mwavuli.
Hajawahi kucheza kikapu hata dakika,
kimo chake na jiko langu ni ndugu,
lakini mwulize binti yeyote wa timu kadaka mipira mingapi,
atakutajia, na rangi ya viatu.
Anapanda benchi, upande wa mguu mzima, anaghani:

*Dakika tisini nzima, mwakimbia kama mbuzi,*
*Lango mnalitazama, kama wageni wa juzi,*
*Sisi alama twachuma, twazikata kama ndizi,*
*Wavu wenu pambo tupu, wetu haupumziki!*

Mtu kapaliwa na kachumbari. Mwingine anapiga sufuria.
Tarimo anatafuna polepole, kama wakili.
"Themanini kwa sabini na tisa!
Huo ni mchezo au mnada wa mitumba Memorial?
Goli moja, dada, lina jina. Lina siku ya kuzaliwa.
Nani anakumbuka kikapu cha thelathini na saba?"

"Mimi," anasema Ndeshi.
"Kilikuwa cha Aikande. Mkono wa kushoto.
Mvua imeanza, saruji inateleza,
refa anafuta miwani kwa shati.
Watazamaji tulikuwa kumi na mmoja,
na mmoja alikuja kuanua nguo zake."

Mafuta yakabaki yanaongea peke yake.

Aikande namjua.
Alikuwa anainama kupita chini ya turubai langu,
anaomba pilipili ya ziada na barafu:
pilipili ya chipsi, barafu ya goti.
Barafu niliitoa kwenye boksi la soda.
Sikuiandika.
Mwezi wa sita goti likakataa,
akapanda basi la asubuhi kurudi Rombo.
Wanasema anafundisha hesabu, wanasema anachechemea,
wanasema mengi.
Ukurasa wake upo: elfu nne na mia tano.
Tarimo, huyu huyu wa soka, aliwahi kunipa noti ya elfu tano
huku akitazama barabarani.
"Mfutie yule mrefu."
Nikamrudishia. Nikamwambia, huyo atakuja mwenyewe.

Sasa wanabishana basi la Jumamosi.
Basi ni moja, timu mbili, siti ishirini na tisa,
na mabinti wa kikapu wana miguu isiyokunjika.
Elisaria kachoka kusubiri hukumu,
ananyoosha mkono, anachukua chupa ya tomato,
anaminya juu ya chipsi zake.

"We! We!" Tarimo anapiga kelele kwa ile sauti iliyokwisha.
"Lango liko wazi!"