Kiuno

Jumamosi ya tatu hii, Ruai, kando ya shamba la terere,
nachora mtu naye anakataa kuwa mtu.
Kilimambogo kilinitii siku ya kwanza:
samawati, maji kidogo, basi.
Mitaro pia, na ua wa michongoma.
Lakini mtu!
Mtu wangu ni kibanio cha nguo
kilichodondoka majanini.

Mwalimu Nyaboke anatafuna mua, anatema makapi, anasema:
"Umembandika juu ya shamba. Hajasimama shambani."
Nianze na uzito, ati. Nyayo kwanza, zizame.
Sura niiache; kwa umbali huu
hata mamangu nisingemjua kwa pua.

Nikafuta. Nikapaka. Nikafuta.
Tambara likashiba rangi kuliko karatasi.

Saa sita Mama Syokau akatoka mtaroni,
jembe begani, tope hadi magotini,
akaikagua kazi yangu kama anayechagua nyanya.
"Ndiyo mimi huyu?"
Ndiyo, nikasema, macho chini.
"Mbona anaanguka? Kiuno chake kiko wapi?
Wewe wadhani nalima kwa mikono?"

Akashusha jembe, akainama palepale mbele yangu,
taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba;
na mgongo wote ukageuka kwenye bawaba moja.

Nikachukua brashi bapa, kahawia nzito,
mkwaruzo mmoja, nikainua mkono.
Kichwa sikukigusa.

Yeye alikwisha rudi kwenye terere zake.
Karatasini, bado bichi,
doa linalima.