Kiti cha Mbele

Tulikuwa kumi na tisa, na bahasha moja.
Subilaga akaiweka juu ya gunia la viazi,
tukafunga vibanda mapema, Uyole ikaanza kupoa.

Wa kwanza alikuja na karatasi zinazong'aa:
Kitulo, mwezi wa saba, maua hadi magotini.
Mama Tweve, mzaliwa wa Matamba,
akacheka mpaka akashika mbavu.
Mwezi wa saba?
Maua gani hayo, ya plastiki?

Wa pili alituita "familia".
Bei yake ilikuwa ya chini, tena ya chini mno.
Nikamuuliza: matairi je? Na pancha ikitukuta
katikati ya zile kona hamsini na saba?
Akasema tumwamini Mungu.
Tunamwamini. Tuliuliza matairi.

Wa tatu, Chaula, sweta limefumuka kiwiko,
alisimama mlangoni kama mwenye deni.
"Maua hamtayaona," alisema. "Yamelala chini.
Mtaona sakitu: nyasi nyeupe alfajiri,
maji ya ndoo yameganda, mnayavunja kwa ngumi.
Leteni blanketi mbili mbili.
Na mwenye pumu akae kiti cha mbele,
kule juu hewa ni nyembamba."

Kimya.
Anyosisye akatazama viatu vyake.
Miaka sita tunauza naye vitunguu,
hatukujua.

Tukahesabu noti mara mbili.
Kwenye daftari sikuandika sababu.
Niliandika: Chaula.
Blanketi thelathini na nane.
Kiti cha mbele, na nikaacha nafasi
ajaze mwenyewe.