Chumvi ya Isevya

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Wahenga hawakuosha magari Isevya.

Haya hapa, yamezoleka:
madoa mia tatu na ushei
kwenye kioo cha mbele cha Karina ya Mwalimu Nyamizi.
Kila tone limekauka likaacha mfupa wake,
kiduara cheupe, ukingo mnene, katikati patupu,
kama sarafu iliyofutika sura.

"Nimesugua kwa sabuni ya unga," akasema.
"Nimesugua kwa hasira pia."
Nikapitisha ukucha. Doa likakwaruza, halikutoka.
Hasira nayo niliiona: michirizi mitatu ya stili waya,
upande wa abiria.
Sikusema kitu. Na mimi niliwahi kulipa kioo cha mtu.

Gari lilikaa miaka mitatu kando ya tangi linalovuja,
maji ya kisima, maji magumu,
yale yanayokataa povu na kuvisha sufuria magamba.
Tangi la marehemu, gari la marehemu,
na mashemeji mahakamani wakilivutia huku na huku.
Hakimu akahamishwa. Jalada likapotea, likapatikana.
Tone likadondoka, upepo ukalibeba,
tone likadondoka.
Lenyewe halikuahirishwa hata siku moja.

Kwanza kivuli.
Tulilisukuma gari nyuma ya ukuta wa mashine ya kusaga,
maana jua la Oktoba, Tabora hii,
huoka kila unachopaka kabla hujageuka kuchukua kitambaa.
Kisha siki. Nikalowesha fulana kuukuu,
nikaitandaza juu ya kioo
kama unavyomkanda mtoto mwenye homa,
nikaiacha.

Hapa ndipo vijana wangu hushindwa: kuacha.
Mkono unataka kusugua. Mkono unadhani kazi ni jasho.
Nikamwambia Kapela, keti, hesabu malori ya tumbaku.
Yakapita manne. Akanyoosha mkono kwenye fulana.
Bado.
Likapita la sita.

Tukainua. Siki ilikuwa imesema na chumvi
lugha ambayo sabuni haiijui.
Mengi yakatoka na kitambaa.
Yaliyogoma, wembe:
mpya, umelazwa bapa, povu jingi chini yake,
mkono mwepesi kama unamnyoa mtu aliyesinzia.

Mipira ya madirisha na plastiki nyeusi vilikuwa vimeota mvi.
Siki pale, hapana. Pale ni karanga.
Kapela akatumwa kwa Bi Kasele,
akarudi na kikombe cha karanga za kusaga na kijiko ndani,
akauliza mkate uko wapi.
Nikapaka kwa mswaki, nikafuta, nikapaka,
na weusi ukarudi kidogokidogo, kwa aibu,
gari zima likinukia kama uji wa mgonjwa.

Saa kumi mwalimu akaja.
Akaketi kwenye usukani, hakuwasha.
Akatazama mbele muda mrefu:
ukuta, magunia, mbuzi wa mtu.
"Kumbe kuna ufa," akasema.

Upo. Chini kulia, urefu wa njiti ya kiberiti.
Madoa yaliuficha.
Nilikuwa nimeuona tangu saa nne
na mchana kutwa nikitafuta maneno ya kuusemea.
Akacheka, cheko fupi, la puani.
Nikajua hatanikata bei.

Alilipa elfu ishirini na tano, akaongeza ya karanga.
Nikamwambia, mwalimu, ukifika nyumbani usishike gari.
Shika ngazi. Panda kwenye tangi, fungua ile koki,
badilisha kimpira cha ndani.
Mia tano, duka lolote la vifaa.

Akanitazama kupitia kioo,
na kioo hakikuwepo, kilikuwa safi hivyo.
"Miaka mitatu," akasema. "Kimpira cha mia tano."

Sikuwa na jibu.
Nyuma yangu Kapela alikuwa analamba kijiko.