Hesabu za Nyuma ya Mlango

Mama alikuwa na bei zake,
kaziandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko:
vyombo, shilingi tano;
kufagia uwanja mpaka kwenye mchikichi, tano;
kugeuza dagaa juani na kufukuza kunguru, tano,
na kunguru akishiba, unakatwa.
Ndoo ya maji, kumi,
maana bomba lilikuwa kule bondeni
na kilima cha Mwanga hakijui huyu ni mtoto wa nani.

Kumwogesha bibi hakukuwa na bei.
Bukuru aliuliza siku moja, "Na hii je?"
Mama akamtazama
kama mtu aliyesemeshwa lugha ya ng'ambo,
akaendelea kupepeta mchele.

Jumamosi jioni tulipanga foleni, watu wawili.
Bukuru mbele: alinitangulia duniani kwa robo saa
na mpaka leo hajaacha kunikumbusha.
Mama alifungua pindo la khanga kwa meno,
sarafu zikatoka na joto la kiuno chake.

Kiangazi kile nilichoka na ndoo.
Ziwa lote lile limelala pale chini, limeshiba,
na bomba linakohoa,
linatema kijiko,
linapumzika,
linatema kijiko.
Madumu yalianza kupanga foleni kabla ya adhana.

Hapo ndipo nilipomwona Mwavita wa nyumba ya pili.
Kwao alichota bure. Mlango wao
ulikuwa gunia tu, mkaa ungeandika wapi?
Nikamwambia, nichotee, nikupe tano.
Akasema, "Tano nzima?"

Ndoo sita kwa wiki:
thelathini zake, thelathini zangu,
nami nimekaa upenuni nalamba mafuta ya kitumbua vidoleni,
tajiri wa miaka kumi.
Bukuru alijua. Nikampa tano anyamaze,
akataka na nusu ya kitumbua.

Nilikamatwa kwa kola.
Mama aliigusa tu akipita: kavu.
Akagusa na nywele. Kavu.
Hakusema neno. Akaenda kusimama njiani
mpaka Mwavita akatokea kwenye kona,
kalowa mpaka magotini,
jani la mchungwa likielea juu ya ndoo
ili maji yasimwagike,
maji ya watu.

Sikupigwa.
Ningeshukuru kama ningepigwa.
Mama alimtua ndoo, akafungua pindo, akamlipa kumi,
kisha akaenda nyuma ya mlango,
akafuta TOYI kwa kiganja
akaandika MWAVITA
kwa herufi kubwa kama za kwenye magunia ya chumvi.
Mimi akaniambia, "Bibi anasubiri maji yake,"
nikayapeleka, nikamsugua mgongo,
naye akaimba kidogo, Kiha cha zamani,
nusu sikukielewa.

Zile wiki tatu za mwanzo, mama hakuzigusa.
Tisini. Hakuzidai, hakuzilipa.
Aliniachia mwenyewe.

Siku hizi nafanya kazi Dodoma, kwenye mishahara.
Najua kukata, najua kurudisha.
Juzi nikiwa likizo nilipita soko la Mwanga,
nikamkuta nyuma ya madumu ya mawese,
kitambaa chekundu kichwani, mikono mizima.
Akanipimia lita,
akaongeza mpaka yakapita mstari.
Nikampa noti ya elfu kumi
nikageuka haraka,
natembea kama mwizi anayerudisha kitu usiku.

"Dada! We dada Toyi!"

Watu wote wakageuka.
Alikuja na mkono wake wenye mafuta,
akanihesabia kiganjani, kwa sauti,
noti kwa noti, sarafu kwa sarafu,
akarudia tena kuhakikisha.
Kisha akauliza kama Bukuru hajambo,
na kama siku hizi bomba letu linatoa.