Vimo Kumi

Bomba la kumi na nne lilitoboka Jumanne,
ukungu bado umelalia mashamba ya Tukuyu,
majani mabichi yakisubiri moto.
Nililikata kwa msumeno, nikachungulia:
laini, safi, kama kombe lililolambwa.
Hapo ndipo penye ugonjwa.
Hewa ilipita katikati kama mgeni asiyesalimia,
ikaingia baridi, ikatoka na ubaridi wake,
na ukuta, uliokabwa na moto wa mikaratusi upande wa pili,
haukupata wa kumtwika mzigo.
Chuma kikikosa wa kupokezana naye huungua peke yake.

Nikamwambia Anyosisye: tutalitia mbavu.
Akacheka. "Bomba na mbavu, fundi? Na moyo je?"

Tukapasua bomba jipya kwa urefu, kama samaki,
tukachomelea nondo za milimita sita,
karibukaribu kama meno ya kitana,
maana nilidhani wingi ndio dawa.
Hewa ilituzidi akili.
Iliruka kutoka ncha hadi ncha
kama mtoto avukaye mto kwa mawe bila kulowa,
na kule chini, baina ya ubavu na ubavu,
hewa ya jana ilizunguka ikijifukuza mkia.
Chai ikatoka mbichi. Feni ikakoroma.
Kwenye mrija wa U, nilioujaza chai
kwa kuwa maji matupu hayaonekani vizuri,
upande mmoja ulipanda vidole vitano juu ya mwenzake:
msukumo uliopotea njiani,
umelipwa, na risiti hatukupewa.

Usiku ule nikamkumbuka mama,
barabara kuu, Inyala, na ndoo yake ya viazi vya Uporoto.
Kabla ya tuta, malori ya Zambia yalitupita
yakatuachia vumbi, na jina la Mungu kwenye bodi la nyuma.
Viazi vikachipua ndooni.
Kisha wakajenga tuta, moja.
Dereva akakanyaga breki, utingo akachungulia,
viazi vikapanda dirishani, noti zikashuka.
Tuta liliiba mwendo wa lori, sisi likatupa ada ya shule.
Halafu, mwaka wa ajali, wakamwaga matuta saba mfululizo.
Malori yakatambaa yote saba kwa hasira, vioo juu,
hakuna aliyenunua hata karoti.
Na mama Nsekela, aliyepanga vitu vyake
palepale tuta linapoishia, hakuuza hata enzi za tuta moja:
gari likishavuka huangukia mbele,
na hatua kumi baadaye ndipo dereva hukumbuka njaa.

Hatua kumi.

Nikachora kwa chaki sakafuni:
ubavu, kimo chake; kisha vimo kumi vya wazi;
kisha ubavu mwingine, nimeuinamisha
kama mtu anayepisha njia kwa bega.
Hewa ijikwae, iruke, ianguke,
irambe ukuta pale iangukiapo,
ibebe moto kiasi cha mikono yake,
ikimbie kidogo, ijikwae tena.

Jumamosi chai ikatoka nyeusi,
ikilia kama mchanga kiganjani.
Bomba likaacha kuwa jekundu.
Mrija wa U: vidole viwili.
Si sifuri. Haitakuwa sifuri kamwe.

Bi. Kihwele wa uhasibu akaja na bili ya umeme,
akauliza kwa nini feni inakula kuliko mwaka jana.
Nikamwonesha mrija.
"Hii si chai?" akasema.
Ni chai, nikamjibu. Na ndiyo bei.
Akaandika kitu, sikukiona.

Jana mama kapiga simu.
Barabara inapanuliwa, tuta wamelichonga lote,
njia itakuwa laini hadi Igawa, anasema,
mtu atalala usingizi safari nzima.
Akanyamaza, nami nikanyamaza.
Nimebakiwa na vipande vitatu vya nondo,
kila kimoja milimita sita.